Rais aliye madarakani naye ajibu jukwaani

Mwezi Julai, 2017, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliwekewa nafasi yake katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, naye hakuja. Mpinzani wake, Ndugu Raila Odinga, alisimama peke yake akaulizwa maswali, taifa zima likitazama. Miaka mitano baadaye, tarehe 26 Julai, 2022, katika chuo kile kile, mambo yakageuka. Ndugu Raila, safari hii akiungwa mkono na Rais yule yule, ndiye aliyekataa kuja, na Ndugu William Ruto akasimama peke yake.

Yafaa tuyatazame mambo haya vizuri, maana si ya Wakenya peke yao. Mtu alikuwa yule yule na mdahalo ule ule; kilichobadilika ni mahali alipodhani amekaa. Anayejihesabu kuwa mbele huuona mdahalo kuwa mtego, na anayejihesabu kuwa nyuma huuona kuwa mlango.

Kwa Rais aliye madarakani mtego huo ni wa namna ya peke yake. Mgombea mpya huja na ahadi, na ahadi haidaiwi risiti. Rais huja na daftari la miaka mitano, ambamo mmeandikwa bei ya sukari, zahanati isiyo na dawa na gati lililoahidiwa. Tena liko jambo la pili, ambalo wasaidizi wake hawapendi litajwe: Rais hana mazoea ya kukatizwa maneno. Kila aingiapo watu husimama, na kila asemapo hupigiwa makofi. Siku anapoambiwa na mtu wa kimo chake kwamba hilo si kweli, ulimi huwa mzito.

Gerald Ford, Rais wa kwanza wa Marekani kuingia mdahalo wa uchaguzi akiwa madarakani, alisema mwaka 1976 kwamba Urusi haikuitawala Ulaya ya Mashariki, na dunia nzima ikajua kwamba amekosea. Mwezi uliofuata alishindwa na Jimmy Carter. Mwaka 2024 Joe Biden aliyumba katika mdahalo wa Juni 27 hata akajitoa katika kinyang'anyiro kabla Julai haijaisha. Lakini jukwaa halimli kila Rais. John Mahama wa Ghana aliingia mdahalo mwaka 2012 akiwa na miezi michache tu Ikulu, baada ya kifo cha John Atta Mills, na akashinda uchaguzi. Jirani yetu Rais Yoweri Museveni alikataa mdahalo wa Januari 2016, akiuona ni mambo ya wanafunzi wa shule. Maneno yakawa mengi, na tarehe 13 Februari, siku tano kabla ya kura, akaja, akasimama pamoja na Dakta Kizza Besigye na wagombea wengine, akajibu. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na malalamiko yake. Lakini kusimama kwake pale hakukuupunguzia urais heshima hata chembe.

Na hapa kwetu? Mwaka 1995 wagombea wanne, Ndugu Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa mbele ya wananchi wakajibu maswali. Mwaka ule kiti kilikuwa wazi, Mzee Ali Hassan Mwinyi akimaliza muda wake. Lakini mwaka 2010 Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, mwana wa Bagamoyo yetu hii, alipogombea mara ya pili, Chama kilikataa mdahalo. Wakati huo mimi nilikuwa kijana wa Chama, na niliutetea uamuzi ule barazani kwa nguvu zote. Rais anakutana na wananchi kila siku mikutanoni, nilisema, mdahalo wa nini tena? Mvuvi mmoja mzee, akishona wavu wake, akaniuliza: "Mwanangu, huko mkutanoni anayeuliza ni nani?" Nikageuza mazungumzo.

Swali lile sijalisahau, hasa kwa kuwa jawabu lake limo katika historia yetu wenyewe. Wako wasemao kwamba mdahalo ni desturi ya Wazungu na televisheni zao. Sivyo. Tangu uchaguzi wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge, mmoja mwenye jembe na mwingine mwenye nyumba, walipandishwa jukwaa moja na Chama chenyewe, wakasema kwa zamu, wakaulizwa maswali na wanakijiji. Waziri hakuwa na jukwaa lake wala gari la matangazo la kumzidi mwenzake. Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza mwaka huo huo, na nchi haikuanguka. Aliyeachwa nje ya utaratibu ule ni mmoja tu, naye ni Rais, aliyepigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 tuliiacha kura ya Hapana, lakini kinga ya kutoulizwa tukabaki nayo.

Ndugu zetu wa Visiwani wanajua gharama ya ukimya zaidi yetu. Mwaka 1995 Dakta Salmin Amour, aliyekuwa madarakani, alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa kura 1,565 tu, na miaka iliyofuata ilikuwa michungu. Mwaka 2009 Rais Amani Karume alipoketi na Maalim Seif uso kwa uso, maridhiano yalipatikana. Kumbe walio madarakani na wapinzani wao huweza kusikilizana. Ila mazungumzo yale yalifanyika faraghani.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, 2025 ulipita bila mdahalo. CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura, mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na siku ya kura ikageuka kuwa siku ya ghasia na vifo. Sisemi kwamba mdahalo ungeyazuia hayo yote. Nasema kwamba hasira ya vijana ilikuwa na maswali ndani yake, na hapakuwa na jukwaa la kuyauliza.

Kwa Katiba ilivyo, mwaka 2030 viti vyote viwili, cha Muungano na cha Zanzibar, vitakuwa wazi kama kilivyokuwa cha Muungano mwaka 1995. Hakuna wakati bora wa kutunga kanuni kuliko wakati ambao hakuna mgombea anayelinda kiti chake. Kanuni hiyo itungwe na Tume za Uchaguzi, isiachiwe hisani ya mtu wala hesabu za kampeni: kila mgombea wa urais, aliye Ikulu na asiye Ikulu, ajibu mbele ya wenzake walau mara mbili, kwa Kiswahili, redio zote zikitangaza, na mara moja kati ya hizo iwe nje ya Dar es Salaam. Sisi wa Chama tuwe wa kwanza kulipeleka pendekezo hili vikaoni, maana utaratibu wa jembe na nyumba tuliuanzisha sisi.