Mawifi Wawili Katika Nyumba Moja

Mama mpendwa, mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasitobolewe na wadudu kabla bei haijapanda. Naomba uniwie radhi, maharage yatasubiri. Nyumbani kwangu hapa Kagerankanda pametokea jambo ambalo naona haya kuliandika, lakini nimekwisha kuwasikia akina mama watatu wa jirani wakilalamika juu ya jambo hilohilo bila kujua chanzo chake. Basi afadhali niseme.

Jambo lenyewe ni runinga janja, yaani ile inayofungua YouTube kama simu. Kijana wetu wa kwanza, anayefanya kazi Dodoma, alituletea alipokuja likizo. Wengi wetu wa rika langu hatukukua na televisheni. Tanzania Bara yote haikuwa na kituo hata kimoja hadi miaka ya 1990, na mji wa Kasulu uliishi kwa umeme wa jenereta za mafuta hadi ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Kwa hiyo kitu hicho kilipowekwa sebuleni tulikizunguka kama mgeni wa heshima. Kijana akatufundisha: unawasha hotspoti kwenye simu, na runinga inapokea intaneti kutoka kwenye simu hiyo bila waya. Njia hiyo huandikwa Wi-Fi. Sisi tunasema waifai, lakini binti yangu mdogo aliyasoma maandishi yale kwenye kioo kama yalivyo, akauliza, "Mama, kumbe wifi yako yuko ndani ya TV?" Jina hilo lilibuniwa mwaka 1999 na kampuni ya kubuni majina iitwayo Interbrand. Sidhani kama walimwuliza Mswahili yeyote.

Wifi wa kweli naye alikuwapo. Mdogo wa kike wa mume wangu alikuja kutoka Kibondo kukaa nasi akisubiri nafasi ya kujifunza ushonaji. Binti mkimya, anaamka kabla yangu, anachota maji bila kutumwa. Hata hivyo unajua mambo yetu: ukikaa na wifi, hata sufuria ikianguka yenyewe unatazama nani alikuwa karibu nayo.

Siku ya Alhamisi kijana alitutumia bando la GB 10, ili Jumapili jioni wanakwaya waje kutazama kwaya za wenzao wa mikoa mingine. Usiku ule watoto walipolala nilifungua moja, mbili, nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Nilipozinduka jogoo wa kwanza alikuwa amekwisha kuwika. Runinga bado ilikuwa inawaka, imeandika maneno ya Kiingereza kuniuliza kama bado natazama. Nikaizima haraka kabla baba watoto hajaiona, nikaingia kulala, na sikumwambia mtu.

Asubuhi wifi aliniomba simu ampigie mama yao Kibondo. Alikaa nayo karibu nusu saa chini ya mwembe. Mchana ukaja ujumbe kwamba bando langu limekwisha. Hapo, mama mwenzangu, moyo wangu haukuuliza swali hata moja. Jibu lilikuwa tayari. Usiku, mbele ya chakula, nikasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta: "Siku hizi nyumba hii ina panya wanaokula bando." Baba watoto akatazama ugali. Wifi aliinua macho mara moja, akayashusha, kisha akaenda kuosha vyombo.

Usiku huohuo ikanyesha mvua ya radi na umeme ukakatika. Jumamosi uliporudi, baba watoto akanunua bando jingine dogo, tukawasha runinga. Ikaonyesha kwamba waifai imeunganishwa, lakini YouTube haikufunguka kabisa. "Nani alishika rimoti?" nikauliza. Kila mtu alijua ni nani anayepangusa meza ile. Jumapili asubuhi nikaona begi la wifi limefungwa, limesimamishwa nyuma ya mlango.

Kabla sijakueleza ya begi, nikupe kwanza niliyojifunza siku hiyo kwa simu kutoka kwa kijana wangu, na baadaye kwa fundi mmoja wa redio wa Kasulu mjini, kwa maana ningeyajua mapema nisingesema habari za panya.

La kwanza, na ndilo kubwa: waifai si intaneti. Ni njia mbili zinazofuatana. Njia moja inatoka kwenye runinga hadi kwenye simu, hapo sebuleni. Hiyo ndiyo waifai. Nyingine inatoka kwenye simu hadi kwenye mnara wa mtandao. Runinga ikikuonyesha vile vijistari vya waifai vimejaa, inakusifia ile njia ya kwanza tu. Huenda simu yenyewe haina mtandao wa maana, au bando limekwisha, na runinga haina habari. Kwa hiyo ukitaka kujua kosa liko wapi, chukua simu nyingine, iunganishe na hotspoti ileile baada ya kuzima data yake yenyewe, ujaribu kufungua kitu. Ikifunguka, ugonjwa uko kwenye runinga. Isipofunguka, iache runinga ya watu, shughulikia simu, bando au mtandao.

Huku kwetu milimani hilo ni jambo la kila siku. Simu ukiiweka nyuma ya runinga au juu ya friji, na kuta zetu nene za matofali, mtandao hushuka. Iweke dirishani, upande ule ambao simu hushika mtandao vizuri, na juu kidogo, lakini isitoke chumba kile. Kwangu mimi hatua nne tu kutoka kochi hadi dirishani zilileta tofauti.

Pengine runinga hailioni jina la simu yako kabisa. Simu nyingi mpya zaweza kurusha hotspoti kwa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Hayo ya 5 yana kasi lakini hayapendi kuta, na runinga nyingi za bei nafuu hupokea yale ya 2.4 peke yake. Simu ikirusha 5, runinga ni kama kipofu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, utafute palipoandikwa 2.4, uchague hapo. Angalia pia kama simu haijazima hotspoti yenyewe; nyingi hujizima baada ya dakika chache zikiona hakuna anayeitumia.

Neno la siri nalipita upesi: herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na sifuri si O. Wala usiweke namba yako ya simu, maana kila mtu kijijini anayo. Kama ulilibadilisha kwenye simu, iambie runinga isahau mtandao ule wa zamani, kisha uingie upya kama mgeni.

Sasa tarehe. Hili ndilo lililotukamata sisi, na sikuwahi kulifikiria. Kijana aliniuliza, "Mama, runinga inaonyesha ni tarehe ngapi?" Nikamwona mtoto ananichezea. Nikatafuta, nikakuta tarehe 1 Januari, ya mwaka ambao runinga yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa! Umeme ulipokatika ilisahau siku, na uliporudi ikaanza kuhesabu tangu huko nyuma. Tatizo ni kwamba mahali pengi kwenye intaneti, YouTube ikiwamo, hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama kitambulisho. Runinga inayoamini kwamba tuko miaka mingi nyuma huitazama hati hiyo ikaona haijaanza kutumika, basi hufunga mlango. Haikuambii kwamba tatizo ni tarehe; hukaa ikizungusha kile kiduara mpaka uchoke. Niliingia kwenye mipangilio, palipoandikwa "Settings", nikatafuta saa na tarehe, nikaweka kwa mkono siku, mwaka na saa sahihi. YouTube ikafunguka kabla sijaiweka rimoti chini. Ukikuta pameandikwa ijipangie yenyewe, waweza kuiacha hivyo, lakini ikikosea zima sehemu hiyo uweke mwenyewe.

Kama hata tarehe ni sahihi na bado inagoma, usibonyeze rimoti tu. Rimoti huiacha runinga imesinzia, haijazimika. Chomoa plagi, subiri dakika moja hivi, rudisha. Fanya hivyohivyo na simu: izime, uiwashe. Na mvua ya radi ikianza kunguruma, hiyo plagi ichomolewe mapema, kwa maana radi haijui waifai wala swichi. Chomoa kabla haijakaribia, usisubiri ianze kupiga juu ya bati.

Kwa wale wanaotafuta runinga zilizotumika, neno moja. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye runinga nyingi zilizotengenezwa mwaka 2012 au kabla ya hapo. Hakuna fundi atakayeirudisha. Kabla hujatoa pesa, mwambie mwuzaji aifungue YouTube mbele yako, kwa hotspoti ya simu yako wewe.

Narudi nyumbani. Tarehe ilipokaa sawa nilifurahi, nikamwambia kijana kwa sauti, wifi akiwa jikoni anasikia, kwamba basi limebaki la yule aliyekula GB 10. Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, fungua sehemu ya matumizi ya data kwenye simu yako. Inaandika kila kitu kilichokula." Nikaifungua. Juu kabisa, peke yake, palikuwa na hotspoti: zaidi ya GB 9. Vitu vingine vyote vilikuwa vijimakombo.

"Hotspoti ni runinga," akasema kijana. "Alhamisi usiku ilizimwa saa ngapi?"

Sikumjibu. Akaendelea kunieleza, na nadhani alikwisha kuelewa. YouTube ikimaliza wimbo mmoja hujifungulia mwingine, na mwingine, saa nyingi, wewe ukikoroma. Picha inapokuwa safi sana ndivyo bando linavyokwenda. Netflix huwaambia wateja wao kwamba picha ya kawaida yaweza kula hadi GB 1 kwa saa, ile ya HD hadi GB 3, na ile ya 4K hadi GB 7. Kwa hiyo saa nne za usingizi wangu zilitosha kabisa. Dawa yake ni mbili: kwenye YouTube zima ule mwendelezo wa kujifungulia wenyewe, na ushushe ubora wa picha hadi 480. Kwenye runinga ya kawaida ya sebuleni nyuso za wanakwaya zinaonekana vizuri tu, wala hutaona pengo. Na ukimaliza, zima hotspoti kwenye simu, maana runinga ikiwa macho yaweza hata kujipakulia mambo yake ya ndani bila kukuomba ruhusa.

"Na shangazi alipopiga simu Kibondo?" nikauliza, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Kupiga simu ya kawaida hakuli data, mama. Kunakula dakika."

Nilikaa pale na simu mkononi. Ningeweza kunyamaza, na nakwambia ukweli, nililiwaza hilo. Runinga ilikuwa imepona, baba watoto alikuwa bado hajarudi, begi lingeondoka na gari la mchana kuelekea Kibondo, na mimi ningebaki na heshima yangu. Lakini maneno ya panya niliyasema mbele ya watoto. Binti yangu mdogo alikuwa ameanza kumtazama shangazi yake kwa pembe ya jicho.

Nikamsubiri baba watoto. Nikawaita wote sebuleni, na wifi, nikawaonyesha ile sehemu ya simu, nikasema ni mimi niliyelala na runinga ikiwaka, na kwamba tarehe ilipotezwa na umeme, si na mkono wa mtu. Nikamwambia, "Wifi yangu, nimekukosea, naomba unisamehe." Sauti yangu haikuwa nzuri. Baba watoto, ambaye Ijumaa hakusema neno, naye alimwomba dada yake radhi kwa kunyamaza kule.

Wifi alitazama sakafu muda mrefu mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akauliza, bila kucheka, "Na yule wifi mwingine wa kwenye TV, mmekwisha kupatana?"

Mtoto ndiye aliyeanza kucheka.

Begi lilikaa nyuma ya mlango siku mbili zaidi kabla hajalifungua, na sikumharakisha. Jioni ile wanakwaya walikuja. Bando dogo la Jumamosi lilitosha kwa nyimbo kadhaa kwa ubora wa 480, na hakuna aliyelalamika juu ya picha. Neno la siri la hotspoti sasa analo wifi, maana ndiye anayeikagua simu na kuizima kila usiku kabla ya kulala. Mimi nimekwisha kulisahau mara mbili.

Maharage tutayazungumza mwezi ujao.