Tusitupe Kompyuta Zinazofanya Kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi ambao kwa miaka kumi umeendesha kompyuta nyingi za mezani maofisini na mashuleni. Isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ya muda, kompyuta hizo hazipati tena marekebisho ya usalama. Windows 11 iliyochukua nafasi yake inadai mashine mpya zaidi, zenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazina sifa hizo. Kwa sababu hiyo tunasikia neno moja likirudiwa maofisini: "Hizi zimekwisha, tuombe mpya." Sisi wa Kilwa Kivinje tunaomba neno hilo lisikubaliwe kwa haraka.

Tujiulize kwanza ni kitu gani kilichokwisha. Kioo bado kinaonyesha, vibonye vinabonyezeka, na karani aliyechapa barua jana anaweza kuchapa nyingine kesho. Kilichokwisha ni ahadi ya mwenye programu. Hatari yake ni ya kweli, kwa maana mashine isiyopata marekebisho ya usalama huwa mlango wazi kwa wezi wa mitandaoni, na kiongozi anayeiacha hivyo huku siri za wagonjwa zimo ndani yake atakuwa amekosa. Lakini fedha ya kununua mashine mpya ni fedha ile ile ya dawa, madawati na mafuta ya boti ya wagonjwa. Kabla ya kuitoa, ni wajibu wetu kutazama njia nyingine.

Sisi tulioanzia chuoni kwa ubao na wino, kisha tukaingia shule ya Serikali, tunalielewa jambo hili bila taabu. Somo likishahifadhiwa, ubao ulioshwa ukaandikwa somo jipya. Hakuna mwalimu aliyeagiza ubao mwingine. Kompyuta nayo yaweza kuoshwa. Iko mifumo endeshi iliyo huria, isiyolipiwa leseni, iliyojengwa juu ya kiini kiitwacho Linux, kilichotolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mmojawapo, Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Baadhi yake, kama Xubuntu na Lubuntu, imetengenezwa kwa makusudi iwe myepesi kwa mashine zenye nguvu kidogo.

Wenye fani yenyewe wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Kundi moja la watunzi wa programu hushikilia wepesi. Hao wanafuata njia ya Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell na Ken Thompson na Dennis Ritchie, ambao desturi yake ni kuwa kila programu ifanye kazi moja, iifanye vizuri, kisha ikabidhi matokeo kwa nyingine. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, bingwa wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Kundi la pili hujibu kuwa mahitaji ya watu ni mengi, na kwamba zana kubwa za kutungia programu humwonya mtunzi kosa lake mapema na kumfupishia kazi. Hoja hiyo ina ukweli, wala hatuibezi.

Lakini zana hizo zina gharama isiyoonekana. Mtunzi wa leo hachongi kila ubao mwenyewe. Hukusanya vipande vilivyochongwa na watu asiowajua. Mwezi Machi 2016 mtunzi mmoja alikiondoa kwenye ghala la mtandaoni kipande chake cha mistari 11 tu, na programu nyingi duniani zikakwama kujengwa kwa kukikosa. Fundi wa mashua wa pwani yetu hawezi kukutwa na msiba huo. Ana tezo, msumeno, nyundo na keke. Anaujua kila ubao na kila msumari, na chombo chake kikivuja hukalafatiwa ufukweni popote kinapopwelea. Hicho ndicho kipimo tunachokitaka: programu ya ofisi ya umma iwe inaweza kutengenezwa na fundi aliye karibu.

Wananchi wa visiwani wanaijua gharama ya uzito kuliko wote. Tunamfahamu mvuvi mmoja aliyevuka bahari kuja kulipia leseni katika ofisi moja. Fedha alikuwa nayo mkononi, karani alikuwapo, umeme ulikuwapo na kompyuta iliwaka. Lakini programu ilitaka kuwasiliana na mtambo ulio mbali kabla ya kukubali hata kuandikwa jina lake, na mtandao siku hiyo ulikuwa dhaifu. Alilala bara siku mbili huku nyavu zake zikiwa zimekauka. Daftari na kalamu vingemhudumia kwa dakika tano, na taarifa zake zikatumwa mtandao uliporudi.

Hali hiyo yaweza kumpata kila mtu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini katika eneo la Somanga, wilayani kwetu. Siku chache baadaye, tarehe 12 ya mwezi huo huo, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopungukiwa sana na mtandao. Programu isiyoweza kufanya kazi siku kama zile haifai kukabidhiwa huduma ya mwananchi.

Historia yetu inatuonya pande zote mbili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Juhudi zilizofuata za kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta zilishindwa kwa hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Miaka ikapita kabla ya marufuku hiyo kulegezwa. Hatutaki kurudi huko, kwa maana kufunga mlango kulichelewesha vijana wetu kujifunza. Lakini kosa lililotangulia, la kununua chombo ambacho wenyewe hatukuwa na wataalamu wa kutosha kukimudu, nalo lisisahauliwe.

Uwezo upo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka 2017 wataalamu wa Serikali yenyewe walianzisha mfumo wa GePG wa kukusanya malipo ya umma. Katika zahanati zetu taarifa huandikwa kwanza katika vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika DHIS2, ambayo nayo ni programu huria. Mtandao ukikatika, kitabu kinabaki mezani na mtoto anapata chanjo yake.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa viongozi wetu wa wilaya na mkoa. Kwanza, isinunuliwe kompyuta mpya kwa sababu ya Windows 10 pekee kabla zile zilizopo hazijajaribiwa kwa mfumo huria, hasa za mashuleni na za kuchapia barua. Zipo ambazo zitabaki na Windows kwa kuwa zina programu maalumu zisizokubali kwingine. Hizo ndizo zitangulie kununuliwa mbadala. Pili, kila programu mpya ya huduma ijaribiwe visiwani, Songo Songo na Songo Mnara, kabla ya kupokewa. Ikishindwa kutunza kumbukumbu bila mtandao, irudishwe kwa watunzi wake. Tatu, wafundishwe vijana wa hapa hapa Kilwa kuosha na kutengeneza mashine hizi, na maelekezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Makarani wataona ugeni kwa wiki kadhaa, nao wasaidiwe bila kukaripiwa.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kompyuta na programu zake zitabadilika kila mwaka, lakini marejeo yake ni kwa karani wa zahanati ya kisiwani na mwananchi aliyesimama mbele yake. Hao wawili ndio waulizwe kwanza kabla Halmashauri haijatia sahihi hati ya manunuzi.