Damu kwenye mswaki
Wengi wakiona damu huacha kusugua mahali pale, wakidhani wanaupumzisha ufizi, kumbe wanaupa ugonjwa nafasi. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno, na ndani ya wiki 3 hivi wote wakapata uvimbe wa fizi; waliporudia usafi, fizi zikapona. Chanzo basi ni ukoga, ule utando wa bakteria, wala si mswaki. Atasema mtu kwamba dawa ya meno ni ghali. Ni kweli, lakini kinachoung'oa ukoga hasa ni kusugua, na hata kijiti cha mswaki chaweza, mradi kifike ukingoni mwa ufizi. Ukoga ukishakuwa mgumu, huo ni wa kuondolewa na daktari, tena mapema, kwa sababu fizi hupona ilhali mfupa unaoshika meno, ukishaliwa na ugonjwa, haujirudishi.