Mizani Hupimwa kwa Sikio

Mwanafunzi wa sekondari akipewa shairi, kwanza huhesabu. Beti tano, mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, basi; shairi limeshachambuliwa na hakuna aliyelisikia. Tamthilia nayo hupitishwa mlango huohuo: wahusika, dhamira, mafunzo, kana kwamba ni riwaya iliyokatwa vipandevipande. Huku si kufundisha fasihi. Msingi wa tanzu hizi mbili ni mmoja, nao ni sauti ya mtu mbele ya watu, na vipengele vyote tunavyovihesabu vilizaliwa humo.

Tuanze na mizani yenyewe. Neno "mbuzi" lina mizani miwili. Neno "mbu", lenye herufi tatu tu, lina mizani miwili vilevile, kwa sababu m yake hutamkwa peke yake na kubeba mkazo, ilhali m ya "mbuzi" huungana na b ikawa silabi moja. Kwa jicho herufi ni zilezile; sikio ndilo linalozitenganisha, hata sikio la mtoto asiyejua kusoma. Vina navyo ni hivyo hivyo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na msikilizaji asiye na kitabu mkononi aliujua mwisho wa kila ubeti kwa kusikia kina kilekile kikirudi katika kipande cha nne. Kina kilikuwa kamba ya kumshika asipotee, si pambo la ukurasa. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi hutajwa kila tunapotetea kuhesabu, aliuona ushairi kuwa wimbo. Sheria zake ziliwekwa ili shairi liimbike.

Wapo watakaosema hoja hii inawafungia nje wanausasa. Kweli, Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 ikiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wanamapokeo waliwaka. Lakini mashairi huru yaliacha ulinganifu, hayakuacha sauti. Kezilahabi alitaka lugha ya ushairi isogee karibu na mazungumzo ya watu wa kila siku, na mshororo wake mfupi, unaokatwa ghafla, humlazimisha msomaji anyamaze pale mshairi alipotaka anyamaze. Ukimya nao ni kipimo, na anayehesabu silabi tu hataukuta kamwe.

Ukimya huo ndio uti wa mgongo wa tamthilia. Mwishoni mwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani na anatakiwa atamke kwamba maji aliyowapa wapiganaji kuwa kinga ya risasi yalikuwa uongo. Anakataa. Katika daftari la mwanafunzi jambo hilo huwa neno moja, ujasiri, na alama hutolewa. Jukwaani kuna mwili uliopigwa, kuna askari anayengoja, kuna kitambo kabla ya jibu, na hadhira inayojua kwamba maji hayakuzuia risasi lakini haitaki ayaseme hayo. Mgogoro wote umo katika kitambo kile. Baadaye, katika Ngao ya Jadi, Hussein aliuleta usimulizi wa jadi jukwaani kwa lugha ya kishairi, na mpaka wa tanzu hizi tunaouchora ubaoni ukafifia.

Walimu watajibu kwamba madarasa yamefurika na mtihani ni wa karatasi. Ni kweli, wala lawama si yao peke yao. Hata hivyo kusoma shairi kwa sauti hakuhitaji fedha wala vifaa, na mwanafunzi aliyekwisha kulisikia hujibu swali la mizani kwa kuelewa badala ya kukariri. Basi ninawaomba: kabla neno "vina" halijaandikwa ubaoni, shairi lisomwe kwa sauti mara mbili, na kabla ya orodha ya dhamira, wanafunzi watatu wasimame mbele ya wenzao waigize onyesho moja.