Mbono kaburi wafaa kwa ua, si badala ya shamba la mahindi

Wilaya ya Ludewa mkoani Njombe inafahamika zaidi kwa makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Hata hivyo, bei ya mafuta ilipopanda katikati ya miaka ya 2000, wawekezaji waliokuja nchini walitupia macho pia kichaka ambacho wananchi wamekuwa wakikipanda kuzungushia nyua na makaburi, yaani mbono kaburi.

Takriban theluthi moja ya uzito wa mbegu ya mbono ni mafuta yanayoweza kuendesha injini ya dizeli. Lakini kwa mashine ndogo za kukamulia, lita moja huhitaji kilo nne hadi tano za mbegu. Kwa hesabu hiyo, hata kabla ya gharama za kukamua na kusafirisha, bei ya kilo ya mbegu haiwezi kuzidi robo ya bei ya lita ya dizeli. Matunda nayo hayaivi kwa pamoja. Mkulima huchuma kwa mkono, tena kwa awamu. Ni kweli kwamba mbono huvumilia ukame, ila kuvumilia si kuzaa.

Kilwa na Kisarawe zinaijua hesabu hiyo. Kampuni ya Bioshape ilipata takriban hekta 34,000 Kilwa, na Sun Biofuels zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2011 miradi yote miwili ilikuwa imekwama. Kilichowaumiza wananchi zaidi ya ajira zilizopotea ni ardhi, kwa kuwa ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi kijijini kwa sababu tu mwekezaji ameondoka. Mwaka 2010 Wizara ya Nishati na Madini ilitoa miongozo ya uwekezaji katika nishati ya mimea.

Kwa Njombe, tatizo la kwanza ni baridi. Mbono hauvumilii jalidi, ambayo si ngeni katika nyanda za juu za mkoa huo miezi ya Juni na Julai; huko viazi, chai na parachichi vina faida iliyo wazi zaidi. Ukanda wa joto wa Ziwa Nyasa ungeufaa, lakini mahitaji yenyewe yamepungua. Njia ya umeme ya Makambako hadi Songea, ya kilovolti 220, imechukua nafasi ya jenereta za dizeli zilizokuwa zikihudumia miji ya ukanda huo.

Kama ua, mbono bado una thamani. Mifugo haiuli kwa sababu una sumu, mafuta yake hutengenezwa sabuni, na mashudu, yasiyofaa kulishia mifugo, ni mbolea nzuri. Matumizi hayo hayahitaji hekta hata moja ya mahindi.

Kijiji kitakachoombwa ardhi kwa zao hili kinaweza kurejea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayoupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kukubali au kukataa uhamisho wa eneo lisilozidi hekta 250. Kwa eneo kubwa zaidi, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano huo.