Goti la mama halijaishiwa ‘mafuta’

“Mafuta ya goti yameisha.” Kauli hii husikika katika familia nyingi mzee anapoanza kushika ukuta ili ainuke. Katika vijiji kama Kisawasawa, ambako mama wa miaka 60 bado huinama kuvuna mpunga na kubeba maji kichwani, maumivu hayo huhesabiwa kuwa ni uzee tu. Baadaye watoto walioko mjini wakisikia kuna sindano “inayootesha” goti upya, mjadala wa kuuza magunia ya mpunga huanza.

Kabla gunia halijauzwa, mzazi ajue kwanza kinachotokea ndani ya goti.

Kinacholifanya goti liteleze ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, pamoja na ute unaolizunguka. Gegedu limejengwa kwa maji, nyuzi za kolajeni na protini zinazoshika maji. Ndani yake zimo seli chache ambazo ndizo mafundi wa nyumba hiyo: huondoa kilichochakaa na kujenga kipya.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute, nao huingia mtu anapokanyaga na kuachia, kama sponji inavyobanwa na kufyonza maji. Halina pia mishipa ya fahamu, ndiyo maana linaweza kulika kwa muda mrefu kabla mtu hajasikia maumivu.

Mafundi hao hufanya kazi kwa maagizo. Baadhi ya maagizo hayo huletwa na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kimoja, IGF-1, huziambia seli zijenge. Kingine, TGF-beta, husaidia kulinda gegedu, lakini kikizidi huchangia vinundu vya mfupa kuota pembeni mwa kiungo.

Umri unapokwenda na gegedu linapoumia, seli hupungua usikivu kwa IGF-1. Agizo linafika, fundi haitikii. Wakati huohuo kemikali za uvimbe huamsha vimeng’enya vinavyokata kolajeni. Ubomoaji ukizidi ujenzi, goti husagika.

Je, kichocheo kikiongezwa kwa sindano, goti litapona? Wanasayansi wamejaribu. Matokeo ya utafiti wa dawa iitwayo sprifermin, uliohusisha watu 549, yalitolewa mwaka 2019. Dozi kubwa iliongeza unene wa gegedu kwa milimita 0.05 ndani ya miaka 2, lakini maumivu hayakupungua kuliko kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Ipo pia sindano ya PRP. Damu ya mgonjwa huzungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yenye chembe sahani, ambazo zimebeba vichocheo vya ukuaji, huchomwa gotini. Australia ilipowapima watu 288, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana, kwa maumivu wala kwa gegedu, kati ya waliopata PRP na waliochomwa maji ya chumvi.

Kwa hiyo anayeahidi kuotesha gegedu jipya kwa sindano aulizwe maswali matatu kabla ya kulipwa: Ina nini ndani? Nani amethibitisha kuwa inafanya kazi? Isipofanya kazi, kitafuata nini?

Yapo yanayosaidia, na mengi hayahitaji kuuza kitu. La kwanza ni uzito: kila kilo 1 anayopunguza mtu mnene hupunguza takriban kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. La pili ni mazoezi. Mama akae kitini, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, aushushe taratibu. Arudie mara 10 kila mguu. Baiskeli, ambayo Ifakara ni usafiri wa kila siku, nayo huimarisha misuli bila kuligonga goti. La tatu ni mzigo: ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na wajukuu wanaweza kuigawana.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki visinunuliwe dukani mwezi hadi mwezi bila ushauri, kwani huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Goti lililosagika sana huweza kubadilishwa kwa upasuaji, huduma inayotolewa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa ikapanda, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto anayechechemea kwa siku kadhaa naye apelekwe akapimwe. Asipakwe dawa ya kuchua na kuambiwa ni baridi.