Likasi: Katiba inajadiliwa, lakini swali la kwanza ni "weye uko wa wapi?"

Tangu Raisi Félix Tshisekedi atangaze mjini Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuchunguza Katiba ya inchi, mabishano yamekuwa mengi mu Likasi. Yanasikilika sokoni Kikula, kwenye vituo vya motari, mbele ya wauza unite. Mmoja anasema Katiba imechakaa. Mwingine anajibu kwamba watu wanatafuta manda ya tatu tu. Kisha, mara nyingi kabla hata ya neno la tatu, mtu anauliza: "Weye uko mutoto ya wapi?" Hapo mjadala umekwisha, hata kama kelele inaendelea mpaka jioni.

Swali hilo lina sababu yake. Raisi ni mtu wa Kasai. Kati ya wanaopinga mpango wake, Moïse Katumbi na Joseph Kabila wanahesabiwa kuwa watoto wa Katanga. Basi anayeunga mkono anaitwa Mkasai au mtu aliyenunuliwa, na anayekataa anaitwa mtu wa Katumbi. Hakuna anayehitaji tena kufungua Katiba yenyewe.

Na kuifungua ni vizuri, juu pande zote mbili zinaipindisha kidogo.

Upande wa Raisi unasema maandishi hayo yaliandikwa na wageni, kule inje. Wataalamu wa inje walisaidia, ni kweli. Lakini mswada ulitayarishwa na Seneti ya wakati wa mpito, na maseneta waliufanyia kazi Simi-Simi, ndani ya Kisangani, mji ule ule ambamo Raisi alitoa hotuba yake. Wakongomani waliupigia kura tarehe 18 na 19 Desemba 2005, zaidi ya 84 kwa mia wakasema ndiyo, na Katiba ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. UDPS ya Étienne Tshisekedi iliwaomba watu wake wasishiriki kura ile. Kuipinga Katiba mu 2005 ilikuwa haki yao. Ila kusema leo kwamba haikutoka kwa Wakongomani, hiyo ni bongo.

Upande wa pili nao unasema Katiba haiguswi. Iliguswa. Mu Januari 2011, wakati wa Joseph Kabila, wabunge waliondoa duru ya pili ya uchaguzi wa raisi, na wengi wanaoililia Katiba leo walikuwa ndani ya wingi ule. Mu 2015 na 2016 UDPS ndiyo ilikuwa inasimama barabarani kutetea kifungu cha 220, kile kinachokataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya raisi. Viti vimegeuzwa, na maneno yamegeuka pamoja navyo. Mtu anayetaka kujua kama anabishana kwa haki angejiuliza kitu kimoja: je, ningesema hivi hivi kama mtu wangu ndiye angekuwa kwenye kiti?

Kuna hoja ya Raisi ambayo inastahili jibu kuliko matusi. Alilalamika kwamba kuunda serkali kunachukua muda mrefu sana. Aliapa tarehe 20 Januari 2024, na serkali ya Judith Suminwa ilitangazwa tarehe 29 Mei, miezi minne na zaidi. Mu 2019 ilikuwa mbaya zaidi: Januari mpaka Agosti. Mwalimu aliyekuwa anangojea mshahara anaelewa uzito wa jambo hilo. Anayekataa mpango wa Raisi angeanza kwa kukubali kwamba ni tatizo la kweli, halafu aonyeshe kama ucheleweshaji ulitokana na maandishi ya Katiba au na vyama kugawanya viti. Hapo tungekuwa na kitu cha kupima.

Kwa Likasi, tabia ya kumjibu mtu kwa kabila lake ina historia, na wazee wanaikumbuka hata kama hawapendi kuisolola mbele ya watoto. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, kwenye nafasi ya Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Palikuwa maswali mazito ya siasa: Mobutu, madaraka ya majimbo, nani anafaidika na mali ya migodi. Yote yalijadilika. Lakini guvernera Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chake UFERI walichukua njia fupi. Wakasai wakaitwa bilulu, wadudu. Na mdudu hajadiliwi. Nyumba zilichomwa, watu wakafukuzwa kazini, makumi ya maelfu wakajaa kwenye gare ya Likasi na kwenye masomo wakingoja treni kwa miezi. Wengi walikufa pale pale au njiani, kwa njaa na magonjwa, watoto kwanza. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Baba zao waliletwa na Union Minière.

Kyungu alikuwa na uwezo wa kusadikisha, hilo hakuna aliyemsikia anayelikana. Kwa hiyo kujua kusema peke yake hakutoshi.

Mkongomani mmoja aliyefikiri sana juu ya jambo hili ni Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha historia kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mu miaka ya 1980 aliandika juu ya kikao cha kijiji, kile Wafaransa wanaita palabre. Aliona humo siasa ya kweli: kila mtu ana haki ya kusema, hata mkubwa anakosolewa mbele ya wote, na watu wanaketi mpaka jambo lililowagawanya litoke waziwazi. Halafu, mu 1998, mwalimu huyo huyo akawekwa mbele ya RCD, harakati ya silaha iliyosimamiwa na Rwanda. Wakaaji wa Kivu na Pweto hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka uliofuata ilipasuka. Baada ya vita aliketi Kinshasa kama seneta, ndani ya Seneti ile ile iliyotayarisha Katiba. Alifariki mu 2020. Maisha yake hayakufuata kalamu yake, lakini kalamu haikukosea kwa sababu hiyo; kumpima mtu kwa alichosema, na kupima alichosema bila kuangalia ni nani, ndiyo kazi ngumu yenyewe.

Tena kikao cha kijiji kina kitu ambacho mabishano ya sokoni yamekosa: jambo lenyewe linatajwa. Kifungu cha 220 hakilindi mihula peke yake. Kinakataza pia kupunguza haki za raia na madaraka ya majimbo. Na kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Haut-Katanga, jimbo la shaba na kobalti, haijawahi kuona kifungu hicho kikitekelezwa jinsi kilivyoandikwa, wala chini ya Kabila wala chini ya Tshisekedi. Depite anayekuja Likasi kutetea Katiba mpya angeulizwa kama asilimia 40 zitabaki humo, na kwa namna gani zitafika. Depite anayekuja kutetea Katiba ya sasa angeulizwa alifanya nini ili zifike, miaka yote aliyokaa bungeni. Mkasai, Mluba, Msanga na Mbemba wa Likasi wanapita kwenye barabara moja yenye mashimo, na maswali hayo mawili yanaweza kuulizwa na yeyote kati yao.